Dona Antónia: Mjane aliyekimbia na binti yake, akarudi na kuwa mama wa mvinyo wa Porto

Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi, nimeanza kuona katika baadhi ya maduka ya mjini hapo vinywaji ambavyo zamani nilivikuta Bujumbura tu. Kimojawapo ni mvinyo mtamu wa rangi ya kahawia, chupa yake nyeusi, na juu ya karatasi yake imeandikwa tarakimu: 10, au 20, na mara chache 40. Bei yake humfanya mtu airudishe chupa kwenye rafu taratibu, asije akaivunja. Wenzangu wa Muyinga, ambao nashirikiana nao kupitisha mali kutoka mpaka wa Kobero hadi Gitega kwa njia ya Karusi, wameniuliza mara nyingi kama tarakimu hiyo ni ya miaka. Na kama ni miaka, ni kinywaji gani hicho kinachokaa miaka 20 bila kuharibika, wakati urwarwa wetu ukipita siku chache tu unageuka siki?

Jibu ni kwamba ndiyo, ni miaka. Lakini katika kulifuatilia jambo hilo nilikutana na habari za mwanamke mmoja aliyefariki mwaka 1896, na nikaona kwamba habari zake zinatuhusu zaidi sisi tuliowahi kulala kambini, na sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka, kuliko zinavyowahusu matajiri wanaokunywa mvinyo huo. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia wasomaji leo. Jina lake ni Antónia Adelaide Ferreira. Kwao Ureno walimwita Dona Antónia, kama sisi tunavyosema Mama fulani kwa heshima, na watu wa kijijini walimwita Ferreirinha, yaani Ferreira wetu mdogo.

Kwanza nieleze kwao ni wapi. Mto Douro unaanzia Hispania, unakwenda magharibi, unaikata Ureno ya kaskazini na kuingia katika bahari ya Atlantiki kwenye mji wa Porto. Sehemu ya juu ya bonde lake ni milima mikali ya mawe yanayopasuka kama vigae. Wakati wa joto huungua jua, wakati wa baridi hupigwa na upepo. Mtu wa Mugera au wa Giheta anayejua kulima mlimani angeielewa nchi hiyo haraka, isipokuwa angeuliza udongo uko wapi. Wakulima wa huko waliyavunja mawe kwa nyundo na baruti, wakajenga kuta, wakajaza vumbi la mawe nyuma ya kuta hizo na kupanda mizabibu, ngazi juu ya ngazi hadi kileleni. Mzabibu hushusha mizizi yake katika nyufa za mawe, mita nyingi chini, kutafuta maji.

Mwaka 1756, waziri mwenye nguvu wa mfalme wa Ureno, Marquês de Pombal, aliamuru bonde hilo lipimwe na kuwekewa mipaka kwa nguzo za mawe. Mvinyo uliotoka ndani ya mipaka ndio tu ulioruhusiwa kuuzwa nje kwa jina la Porto. Ni moja ya sehemu za kwanza kabisa duniani kulindwa kwa sheria ya namna hiyo. Wateja wakubwa walikuwa Waingereza, ambao kila walipogombana na Wafaransa walikosa mvinyo wa Bordeaux na kulazimika kununua kwa Wareno.

Katika bonde hilo, kwenye mji wa Régua, Antónia alizaliwa tarehe 4 Julai 1811. Ukoo wake ulikuwa umeshika biashara ya mvinyo tangu katikati ya karne ya 18. Walikuwa na mashamba mlimani na maghala Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya pili ya mto ukitazamana na Porto. Mwaka 1834 aliozwa kwa binamu yake, António Bernardo Ferreira. Ndoa za namna hiyo zilifanywa ili mali isitoke nje ya ukoo, jambo ambalo wazee wetu wangelielewa bila kufafanuliwa. Bwana huyo alipenda maisha ya mjini kuliko shamba. Alijenga na kupamba, akatumia fedha kwa anasa, na mwaka 1844 akafariki, akimwacha mkewe na watoto wawili, mvulana na msichana, pamoja na mashamba ambayo mwenyewe hakuwa na moyo nayo sana.

Antónia alikuwa na miaka 33. Hapa naomba tusimame kidogo. Kwetu, mjane wa umri huo anajua kitakachofuata: shemeji watakuja kuzungumza habari ya shamba, na kama ana mtoto wa kike, huyo hatahesabiwa, kwa sababu katika urithi wa ardhi hapa Burundi mila ndiyo imekuwa ikiamua, nayo humtazama mtoto wa kiume. Sheria za Ureno wakati huo hazikuwa za huruma kwa wanawake, lakini mtoto wa kike alirithi, na mjane aliweza kushika mali. Dona Antónia aliishika. Aliacha maisha ya karamu, akapanda mlimani, akaanza kusimamia mwenyewe palizi, kuta na mavuno. Msaidizi wake mkuu alikuwa mtu aliyeitwa Francisco José da Silva Torres, msimamizi wa mali ya familia.

Miaka 10 baadaye utajiri wake ulimletea balaa. Mkuu wa serikali ya Ureno wakati huo alikuwa Duque de Saldanha, jenerali aliyezoea kuchukua madaraka kwa nguvu ya jeshi. Alikuwa na mtoto wa kiume wa kuozwa, na macho yake yaliangukia kwa Maria da Assunção, binti wa Dona Antónia. Mwaka huo, 1854, binti huyo alikuwa na miaka kama 11 au 12 tu. Mama alikataa. Huwezi kumkatalia mkuu wa serikali mwenye majeshi na kisha ulale usingizi, na kweli habari zikafika kwamba watu wametumwa kumchukua mtoto kwa nguvu.

Ndipo mwanamke huyo, ambaye maghala yake yalijaa mali isiyohesabika, alipovaa nguo za mkulima maskini, akamshika binti yake mkono, wakatoka usiku kwa njia za milimani kuelekea mpaka wa Hispania. Walivuka. Kutoka huko walisafiri hadi London, wakakaa ugenini.

Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Muyinga maana ya kutoka usiku na mtoto mkononi kuelekea mpakani. Wengi wetu tulivuka hivyo kwenda Ngara mwaka 1993, wengine baada yake, na kuna waliovuka tena mwaka 2015. Ninachotaka mkitazame ni upande mwingine. Mkimbizi tajiri naye ni mkimbizi. Mvinyo wake haukuweza kumsaidia usiku ule, kwa sababu mapipa hayabebeki mgongoni. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa ameacha nyuma mtu mwaminifu na makaratasi yaliyonyooka. Aliporudi, mashamba yalikuwa bado yake, na hakuna jirani aliyekuwa amejenga nyumba juu yake. Wale waliorudi kutoka Lukole au Mtabila wakakuta mtu mwingine anavuna kahawa yao wanajua kwamba si kila mmoja hupata bahati hiyo.

Mwaka 1856, wakiwa London, Dona Antónia aliolewa na Silva Torres, yule msimamizi. Wapo waliosema kwamba bibi mkubwa ameolewa na mfanyakazi wake. Waliishi pamoja hadi Torres alipofariki mwaka 1880, na kwa kadiri ninavyoona mimi, ndoa ile ya pili ilikuwa na faida kuliko ya kwanza, kwa sababu huyu wa pili alijua pipa linavuja wapi. Mwaka huohuo wa 1856 Saldanha aliondoka madarakani, na njia ya kurudi nyumbani ikawa wazi. Maria da Assunção alipokua aliolewa na Conde de Azambuja.

Kuna tukio jingine ambalo kila anayesimulia habari za Dona Antónia lazima alitaje. Tarehe 12 Mei 1861 alikuwa katika mashua pamoja na mumewe na rafiki yao Mwingereza, Joseph James Forrester, ambaye Wareno walimpa cheo cha Baron. Forrester alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, na pia mchoraji wa ramani. Aliuchora mto Douro kwa uangalifu ambao serikali yenyewe ilikuwa haijaufikia. Alikuwa pia mtu wa kugombana. Mwaka 1844 alichapisha kijitabu akiwashutumu wafanyabiashara wenzake kwamba wanachakachua mvinyo kwa sukari na rangi ya matunda mengine. Siku ile walikuwa wanateremka kutoka shamba la Vesúvio, la familia ya Ferreira, na walipofika kwenye maporomoko ya Cachão da Valeira mashua ikapinduka. Forrester alizama na mwili wake haukuonekana tena. Dona Antónia aliokoka. Wenyeji husimulia kwamba Forrester alikuwa amefunga kiunoni mkanda wenye sarafu za dhahabu, ukamvuta chini, na kwamba mama huyo alielea kwa sababu ya sketi pana za wakati ule zilizojaa hewa. Wanaoitilia shaka hadithi ya sketi wapo, lakini kwamba mmoja alikufa na mwingine akafika ufukweni ni jambo la hakika. Leo maporomoko hayo yamefunikwa na maji ya bwawa la umeme.

Sasa nifike kwenye chupa yenyewe, maana hapo ndipo akili ya biashara ya mama huyu inapoonekana.

Zabibu za Douro huvunwa mwezi Septemba, humwagwa katika mabirika ya mawe na kukanyagwa kwa miguu. Watu hushikana mabega na kukanyaga kwa saa nyingi, kama ndugu zetu Wahaya wa Bukoba wanavyokanyaga ndizi katika mtumbwi wa mti. Maji yake huanza kuchachuka. Kama yangeachwa, sukari yote ingeliwa na hamira, mvinyo ukawa mkali na mkavu. Lakini baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa bado nyingi, humwagiwa pombe kali isiyo na rangi iliyokenekwa kutokana na zabibu. Ni ndugu wa mbali wa kanyanga, ila ile yao inapimwa na serikali. Pombe hiyo huua hamira palepale. Sukari hubaki, na nguvu hupanda hadi asilimia kama 20. Kwa sababu hiyo hauozi. Urwarwa hauna ulinzi huo, na hata insongo, ambayo ni kali zaidi na hukaa muda mrefu kidogo, haiwezi kushindana nao.

Baada ya hapo mvinyo hutiwa katika mapipa ya mbao. Pipa la kawaida la Douro lina lita kama 550. Enzi za Dona Antónia mapipa yalipakiwa kwenye mashua bapa zenye tanga moja, zinazoitwa rabelo, yakateremshwa mtoni hadi maghala ya Gaia, ambako hewa ya bahari ni ya baridi na unyevu. Humo mvinyo hukaa. Mbao hupumua, hewa kidogo huingia, mvinyo kidogo hutoka na kupotea angani kila mwaka. Mwekundu wa damu hufifia ukawa wa matofali, halafu wa kahawia, na mwisho kama dhahabu ya zamani. Harufu ya matunda huondoka, inakuja ya njugu, asali na maganda ya machungwa yaliyokauka. Neno "Tawny" mnaloliona kwenye chupa ni la Kiingereza, maana yake ni rangi hiyohiyo ya kahawia iliyopauka, kama ngozi ya simba. Nayo tarakimu 20 haimaanishi kwamba kila tone lina miaka 20. Mtaalamu wa ghala huchanganya wa zamani sana na wa karibuni, hadi mchanganyiko uwe na tabia ya mvinyo wa miaka 20.

Mfanyabiashara wa Kobero atauliza swali moja: ni nani anayeweza kuiacha mali ilale miaka 20? Sisi tunaogopa mali inayolala. Mchele ukikaa miezi mitatu panya wanaujua, na faranga uliyoifunga ndani yake inapungua thamani. Jibu ni kwamba kulaza mvinyo ni kazi ya mwenye mtaji, na Dona Antónia alikuwa nao. Katika miaka ya 1860 ulitokea wakati mavuno yalikuwa mengi, bei ikaanguka, wakulima wadogo wakawa hawana pa kuuzia. Alinunua. Alinunua mvinyo mwingi mno, akaulaza. Watu wa bonde walimshukuru kwa sababu aliwatoa katika njaa, na sioni sababu ya kukataa shukrani hizo. Lakini tuseme ukweli wote: alinunua kwa bei ya chini, na alijua anachofanya.

Kwa maana tayari adui alikuwa amekwisha kuingia. Kutoka Marekani, pamoja na miche ya mizabibu, aliletwa mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, ambaye hula mizizi. Majani hukauka na shina hufa, na mkulima akichimba anakuta mizizi imeoza. Katika Douro alionekana miaka ya 1860, na kufikia miaka ya 1870 na 1880 kuta nzima za mawe zilikuwa zimebaki na vijiti vikavu. Familia nyingi ziliacha mashamba, nyingine zikapanda meli kwenda Brazil. Wale mnaolima migomba mashariki mwa nchi yetu mnaifahamu hali hiyo. Kirabiranya ilipoingia Burundi mwaka 2010 mlilazimika kung'oa migomba yenu kwa mikono yenu, na kuanza kuchoma panga motoni kabla ya kukata mgomba mwingine. Tofauti ni kwamba filoksera ni mdudu, na kirabiranya ni bakteria.

Dawa iliyopatikana baadaye ilikuwa ya ajabu kidogo: kuchukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambalo mizizi yake ilizoea mdudu huyo, na kupandikiza juu yake kikonyo cha mzabibu wa Ulaya. Ilikuwa kazi ya miaka na ya gharama. Wakati mvinyo mpya ulipoadimika na bei kupanda, maghala ya Dona Antónia yalikuwa yamejaa ule alioununua siku za wingi, nao ulikuwa umeongezeka umri na thamani. Fedha iliyopatikana aliirudisha ardhini. Alinunua mashamba yaliyotelekezwa, akalipa vibarua kujenga kuta upya, akapanda miche iliyopandikizwa, na pia mizeituni na milozi.

Shamba lake la mwisho kubwa ni la kustaajabisha. Mwaka 1877, akiwa na miaka 66, alinunua kwenye mnada wa halmashauri ya Vila Nova de Foz Côa kiasi cha hekta 300 za pori mbali kabisa mashariki, karibu na Hispania, mahali ambapo hapakuwa na barabara ya maana. Alipaita Vale Meão. Watu walimwona amezeeka vibaya. Lakini reli ilikuwa inakuja. Ilifika Régua mwaka 1879, na mwaka 1887 ikafika Barca d'Alva mpakani, ikipita karibu na pori lile. Anayefanya biashara kati ya Muyinga na Gitega anajua lami inavyobadilisha bei ya kiwanja kilicho kando yake. Mamia ya vibarua walivunja mawe, wakajenga nyumba, maghala na kanisa dogo. Mwenyewe hakuishi muda mrefu kuifaidi kazi hiyo.

Mambo ya hisani aliyoyafanya ni mengi, nami nitayapitia haraka kwa kuwa yanafanana na ya matajiri wengine wema. Alisaidia kujenga hospitali, za Régua na Vila Real zikiwa miongoni mwake. Alisomesha watoto, alitoa mahari kwa wasichana maskini. La maana zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba wakati wa mdudu hakufukuza watu kazini. Kuta zile zilizojengwa upya zililisha vijiji.

Alifariki tarehe 26 Machi 1896 huko Régua, katika nyumba ya Nogueiras, akiwa na miaka 84. Aliacha mashamba zaidi ya 20. Watu wa bonde walijipanga barabarani kumsindikiza, na wapo waliopiga magoti jeneza lilipokuwa likipita.

Warithi hawakugawana kila kitu vipande vipande. Mwaka 1898 waliunda kampuni ya kuendesha biashara ya mvinyo, na jina la Ferreira likaendelea kuandikwa kwenye chupa. Mwaka 1987 kampuni ilinunuliwa na Sogrape, kampuni nyingine ya Kireno, jambo la kutajwa kwa kuwa majina mengi makubwa ya Porto ni ya asili ya Kiingereza. Vesúvio imepita mikononi mwa ukoo wa Symington. Vale Meão, lile pori la mnada, bado linamilikiwa na wazao wake, na hutengeneza mvinyo kwa jina lake lenyewe. Hadi mwaka 1986 mvinyo wa Porto uliopelekwa nje ulilazimika kupitia maghala ya Gaia. Tangu hapo mkulima wa mlimani anaruhusiwa kuusafirisha moja kwa moja kutoka shambani kwake.

Kwa wenzangu wa Muyinga walioniuliza: chupa ya miaka 20 ikifunguliwa haina haja ya kumalizwa siku hiyo. Kwa kuwa mvinyo wake umezoea hewa tangu kwenye pipa, hukaa wiki kadhaa ukiwa salama, mahali pa baridi, na kizibo kimerudishwa. Hunywewa kwa glasi ndogo, baada ya chakula.